Kutoa wino sugu kwenye plastiki: mwongozo kamili, kuanzia beseni la bweni hadi rimoti ya TV

Shule zikifunga, swali huwa ni lile lile: wino huu kwenye plastiki unatokaje? Mtu amesugua kiti cheupe cha plastiki mpaka viganja vinamwaka moto. Ametumia sabuni ya unga, jiki, hata majivu, na mchoro wa biro bado unamtazama. Ukienda kuangalia, unakuta waya wa kusugulia sufuria uko pale kando, na wino umejaa ndani ya mikwaruzo ya ule waya. Doa limebaki, na kiti kimezeeka kwa dakika kumi.

Nianze na jambo linalowaangusha wengi: wino kwenye plastiki hausuguliwi. Unayeyushwa, halafu unanyonywa. Mkono wako una kazi ndogo sana hapa. Kazi kubwa ni ya spiriti, pamba na subira.

## Weka hivi tayari kwanza

- Spiriti ya hospitali isiyo na rangi, chupa ndogo kutoka duka la dawa la mtaani. Ile ya zambarau pia huyeyusha wino, lakini rangi yake yenyewe inaweza kubaki kwenye plastiki nyeupe, na ndani yake mna methanoli, ambayo ni sumu. Usiikaribishe kwenye vyombo vya chakula.
- Sanitaiza, kama spiriti imekosekana. Soma chupa: iwe na alkoholi ya asilimia 60 au zaidi. Zile za kunukia tu, zenye maji mengi, zitakuchosha bure.
- Pamba nyeupe, nyingi kuliko unavyodhani. Tishu nyeupe isiyochapishwa maua inafaa pia.
- Vitambaa vya fulana kuukuu nyeupe na vijiti vya pamba vya masikio.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu.
- Mswaki wa zamani, laini.
- Bikabonati, au dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ya jeli.
- Kifuniko kidogo au bakuli la kioo la kufunikia pamba.
- Glavu, kama ngozi yako hukauka na kupasuka haraka.

Vingine viwili, asetoni na krimu ya chunusi, nitavitaja mbele. Usivinunue leo. Huenda usivihitaji kabisa.

Kwenye orodha hii hakuna waya, petroli, mafuta ya taa wala thina. Petroli na thina hushika moto kwa mvuke tu, na nyumba zetu nyingi jiko liko hatua mbili kutoka kitandani. Jiki nayo nimeiacha makusudi. Haiyeyushi wino wa biro, na ikichanganyika na spiriti hutoa kemikali zenye sumu. Ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na bafu letu la futi nne kwa nne si mahali pa kukutana na klorini.

## Mjue unayepigana naye

Geuza chombo chako chini juu. Vingi vina pembetatu ya mishale yenye namba katikati, na namba hiyo ndiyo itakayokuambia dawa ipi inaruhusiwa.

Namba 5 ni polipropilini: viti vya plastiki, ndoo, mabeseni, mikebe ya chakula. Namba 2 ni ile plastiki ngumu ya mitungi ya maji na madumu. Hizi mbili ni majasiri, zinavumilia karibu kila kitu kilichomo humu. Namba 1, ya chupa za soda na za mafuta ya kupikia, inavumilia spiriti lakini si asetoni.

Namba 6 ni polistirini: rula zinazong'aa, vikasha vya CD, hanga nyingi. Kuta za ndani za friji nazo mara nyingi ni za jamii hii, hata kama huoni namba. Namba 7 ni kapu la plastiki nyingine zote, na humo mna plastiki ya chupa nyingi zile kubwa za lita 20 za maji. Rimoti na maganda ya TV yapo upande huu pia. Hizi zote zishike kwa adabu.

Namba 3 ni PVC: kitambaa cha meza cha plastiki, mkeka wa plastiki wa sakafuni, wanasesere wengi wa mpira laini. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu imetiwa mafuta ya kuilainisha, na wino hupenda mafuta hayo. Unazama ndani kama chai kwenye mandazi. Doa la PVC halingoji wikendi.

Kisha wino. Pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni juu ya doa. Rangi ikihama kwenye kitambaa, huo ni wino wa maji, wa feltpeni za watoto au kalamu ya kujaza, na sabuni peke yake yaweza kuumaliza. Isipohama, ni biro, maka, muhuri au jeli. Biro, maka na muhuri hukubali spiriti. Kalamu ya jeli, hasa nyeusi, mara nyingi ina chembe zisizoyeyuka kabisa, na hiyo utaimalizia kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Osha, kisha kausha kabisa

Osha sehemu yenye doa kwa sabuni ya maji na maji ya vuguvugu, suuza, ukaushe kwa kitambaa. Mafuta ya mikono na moshi wa jikoni hutengeneza ngozi juu ya wino, na spiriti itapoteza nguvu zake hapo kabla haijafika chini.

Kukausha ni muhimu kuliko kuosha. Tone la maji likibaki linaizimua spiriti. Watu wengi wanaoniambia "spiriti haikufanya kitu" waliimwagia juu ya kiti kilicholowa.

Maji ya moto sana usitumie. Joto huilegeza plastiki, nayo ikilegea, rangi inapata njia ya kushuka zaidi.

## Hatua ya 2: Jaribu mahali pasipoonekana

Chini ya kiti, nyuma ya rimoti, ukingo wa kitambaa cha meza. Weka tone moja la spiriti, subiri dakika 2, futa kwa pamba.

Ikiwa plastiki imebaki ile ile, endelea. Ikiwa inanata, imepoteza mng'ao, imeota ukungu mweupe, au pamba imechukua rangi ya chombo chenyewe, simama. Chombo hicho kitasafishwa kwa hatua ya 5 tu.

## Hatua ya 3: Bandika spiriti

Hapa ndipo kazi ilipo. Soma yote kabla ya kuanza.

Kwanza zima jiko, mshumaa na kila chenye moto, ufungue mlango na dirisha. Afadhali utoke kabisa kwenye veranda. Mvuke wa spiriti huwaka hata pale usipouona.

Chukua kipande cha pamba kinachotosha doa tu, ukiloweshe mpaka kiwe kimelowa bila kudondosha. Kibandike juu ya doa. Usisugue. Kifunike kwa kifuniko au bakuli, kwa sababu spiriti huruka hewani haraka, na ikiruka wino unakauka tena pale pale ulipokuwa. Acha dakika 3 hadi 5 kwa namba 2 na 5, dakika 1 kwa namba 6 na 7. Kwa PVC ni sekunde 15 hivi; zaidi ya hapo unaanza kuyatoa yale mafuta ya kuilainisha, na kitambaa cha meza kitakauka na kupasuka kwenye mikunjo.

Sasa inua pamba moja kwa moja juu. Usiiburute. Ukiiburuta unachora doa jipya pana kuliko la kwanza, tena jembamba na lisiloshikika. Pamba iliyotumika haigusi tena chombo. Chukua nyingine safi, bandika tena.

Kosa la pili kwa ukubwa, baada ya waya, ni ubahili wa pamba. Pamba iliyojaa wino hainyonyi, inarudisha. Doa la ukubwa wa kiganja linaweza kula pamba kumi au kumi na tano, na hakuna ubaya wowote.

Doa likiwa kubwa, anzia pembeni uende katikati, ili wino usipate nafasi ya kutapakaa.

Utajuaje inafanya kazi? Pamba ya kwanza itatoka bluu au nyeusi kabisa, huku doa likionekana halijapungua sana. Usikate tamaa hapo. Pamba ya tatu au ya nne ndiyo huonyesha tofauti kwenye chombo. Acha pale pamba mbili mfululizo zinapotoka nyeupe. Kilichobaki baada ya hapo hakitolewi na spiriti, hata ukimaliza lita nzima.

Usifunike kwa mfuko wa mkate. Nilifanya hivyo mara moja kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Spiriti ilipanda ikayeyusha maandishi ya mfuko, nikafunua kiti nikakuta nimeondoa biro na kuweka tangazo la mkate badala yake, limegeuka kama kwenye kioo. Lilinichukua jioni nzima.

### Ikiwa ni maka: jina kwenye beseni la bweni

Huyu anastahili aya yake. Mtoto amemaliza bwenini, ndoo na beseni bado nzima, mdogo wake anaingia mwaka ujao, na jina la kwanza limeandikwa pande nne kwa maka nyeusi.

Tafuta kalamu ya ubao mweupe, ile ya mwalimu inayofutika. Pita nayo juu ya maandishi ya maka, uyafunike yote, kisha futa kwa kitambaa kikavu *kabla haijakauka*. Kalamu hiyo ina kiyeyusho kama cha maka, na pia ina kitu cha mafuta mafuta kinachozuia rangi isishike tena. Fanya kwa vipande vya herufi mbili tatu, si jina zima kwa mkupuo, maana inakauka upesi. Mabaki yatamalizwa na spiriti.

Jina lililokaa jua na mvua miaka minne kwenye kamba ya bweni litaacha kivuli. Mimi kwa beseni sijali. Nitaandika jina jipya juu ya kivuli hicho hicho.

## Hatua ya 4: Fuata vinyweleo

Viti vingi vina mistari au ngozi yenye vidoa vidoa vya kuzuia utelezi, na wino hujificha humo. Chovya mswaki laini kwenye spiriti, gonga gonga doa kwa ncha zake mara kadhaa, halafu papo hapo bandika kitambaa kikavu unyonye. Mswaki unaufukua, kitambaa kinaubeba. Bila kitambaa, unauhamisha tu kutoka shimo hadi shimo.

Kwenye pembe na viungo vya rimoti tumia kijiti cha pamba. Toa betri kwanza. Kijiti kiwe na unyevu tu, na usiguse namba zilizochapishwa kwenye vitufe, kwa kuwa spiriti inazifuta zote. Alama za vipimo kwenye jagi huondoka vivyo hivyo.

## Hatua ya 5: Bikabonati kwa yaliyobaki juu

Changanya bikabonati vijiko viwili na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito wa mtoto. Pakaza, sugua kwa kidole kilichofungwa kitambaa, kwa mizunguko midogo, kama dakika 2. Suuza, tazama, rudia. Dawa ya meno nyeupe hufanya kazi ile ile.

Huku sasa ndiko kusugua kunakoruhusiwa, kwa kuwa wino uliobaki ni chembe zilizokaa juu, hasa za kalamu ya jeli. Lakini fahamu kwamba unakwangua: pamoja na wino unaondoa tabaka jembamba la plastiki. Kwa kiti kisichong'aa haionekani. Kwa kitu chenye mng'ao au cha kupenya mwanga itaonekana, hivyo usikiguse. Ile sponji nyeupe ya kufutia kuta inayouzwa supamaketi iko katika kundi hili pia, ni msasa laini tu.

## Hatua ya 6: Asetoni, kwa namba 2 na 5 peke yake

Kama bado kuna mstari, sasa nunua dawa ya kutolea kutex iliyoandikwa kwamba ina asetoni. Rudia jaribio la hatua ya 2, kisha pitisha pamba juu ya doa kwa sekunde 10, futa, suuza. Usiiache imebandikwa.

Kwenye rimoti, kuta za friji, rula, miwani au kitambaa cha meza, hapana. Asetoni huyeyusha plastiki hizo zenyewe. Niliwahi kuijaribu kwenye rimoti, doa la biro dogo kama punje ya mchele. Doa lilitoka. Alama ya kidole changu gumba iko pale mpaka leo, mistari yote, kama ya kitambulisho.

## Hatua ya 7: Kivuli kilichozama, krimu na jua

Wakati mwingine chombo ni safi ukikigusa lakini kuna kivuli cha bluu ndani. Hicho kimeingia kwenye plastiki yenyewe, na hakuna kinachoweza kukitoa nje. Kinachowezekana ni kukichujusha rangi huko huko kilipo.

Nunua krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 10. Wanaotengeneza wanasesere wa zamani wameitumia kazi hii kwa muda mrefu, na ndiyo tumaini la pekee la PVC. Paka nene juu ya kivuli tu, funika kwa kipande cha plastiki angavu kisicho na maandishi ili isikauke, weka juani. Kagua kila baada ya saa 2, ukiongeza krimu inapopungua. Siku moja mara nyingi haitoshi. Siku tatu nne ni kawaida.

Kwa kiti cheupe chenye kivuli kipana, hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 au 6 kutoka duka la dawa ni nafuu zaidi. Loweka tishu nyeupe, ilaze juu ya doa, funika vile vile, anika.

Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, tena juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hivyo jua letu la Januari na Februari lina makali ya kutosha. Mwezi wa Julai, ule wa mawingu ya kijivu na sweta, usianze hatua hii. Utapaka, utafunika, utangoja, na jioni utakuta krimu baridi.

Tahadhari: dawa hizi hazibagui. Chombo cha rangi kitapauka pamoja na doa, kwa hiyo ni kwa vyeupe na vya malai tu. Taulo na nguo zikiguswa zitatoka mabaka. Osha mikono kabla ya kugusa macho. Na usizitumie upande wa ndani wa chombo cha chakula. Kikombe cha mtoto chenye kivuli cha wino ndani, mimi nakitoa jikoni kikawe cha kuwekea kalamu.

## Hatua ya 8: Osha, ukague mchana

Osha chombo kizima kwa sabuni ya maji, si sehemu ya doa pekee, suuza mara mbili na uache kikauke chenyewe. Vya chakula na vya watoto vioshwe mara mbili, visikae na harufu yoyote ya dawa.

Kagua kesho yake mchana, nje, si usiku chini ya balbu. Balbu huficha kivuli hafifu, na plastiki iliyolowa huonekana safi kuliko ilivyo. Kazi imekamilika ikiwa kidole kinateleza sawa sehemu zote, hakuna mahali panaponata, na ukisimama mita moja huwezi kuonyesha doa lilipokuwa. Ukiinama na kutafuta utaona kitu; karibu kila mtu huona kitu.

Ukiona pamekauka kama chaki au pamefanya nyufa ndogo kama utando, dawa ilikaa muda mrefu mno. Hapo usiongeze chochote. Kwa kiti, usimkalishe mtu mzito mpaka umepima kama nyufa zimefika miguuni.

Pamba zilizotumika zianike nje zikauke kabla ya kuzitupa, mbali na jiko na wavuta sigara. Spiriti iliyobaki ikae kwenye chupa yake ile ile. Usiimimine kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu haina rangi, na mtoto mwenye kiu hasomi. Iweke juu ya kabati, kifuniko kimekazwa, na uandike SPIRITI pande zote mbili kwa maka.